Kuomba malezi ya kambo Mwanza: karatasi, ofisi na hesabu ya mfukoni

Swali ninaloulizwa kuliko yote na akina mama wa Kirumba na Igogo wanaotaka kumchukua mtoto asiye na wa kumtunza ni hili: serikali inalipa shilingi ngapi kwa mwezi? Nalijibu mwanzoni kabisa ili mtu asipande daladala akiwa na tumaini lisilokuwepo. Mzazi wa kambo hana mshahara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika aliyekabidhiwa mtoto wajibu wa kumtunza sawa na mzazi wake, kwa muda wote mtoto akiwa mikononi mwake. Msaada upo, ila umetawanyika: kidogo zahanati, kidogo shuleni, kidogo kupitia mtaa. Na karibu kila mahali unaanza kwa kuonyesha karatasi. Mtoto aliyekuja kwako bila barua ni vigumu kumsemea popote, hata kama unampenda kuliko nafsi yako.

Neno lenyewe lisikutishe. Tumezoea kusikia "mama wa kambo" katika hadithi za kutesa watoto, lakini katika sheria malezi ya kambo ni kumlea mtoto wa wengine nyumbani kwako kwa kibali cha ustawi wa jamii, huku ukoo wake na jina lake vikibaki vilevile. Kuasili ni jambo jingine: huko mahakama ndiyo inayoamua, na mtoto anakuwa wako kisheria. Ipo pia familia ya kuaminika, ile inayompokea mtoto kwa dharura, hata usiku, wakati ndugu zake wanatafutwa. Ukifika ofisini, taja unachotaka kati ya hayo matatu. Wengi wanasema tu "nataka mtoto", na mazungumzo yanaanza vibaya.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Ukimkuta mtoto ametelekezwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, au stendi ya mabasi ya Nyegezi, usimpeleke kwako ukidhani utashughulikia karatasi baadaye. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haikatwi salio. Waambie palepale kama uko tayari kumhifadhi. Ukikaa naye kimya wiki mbili, nia yako njema itakuwa ngumu kuieleza.

Anzia mtaani

Hatua ya kwanza ni barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa, au wa kijiji kama uko Misungwi, Magu au Ukerewe. Mwenyekiti anakufahamu, mtendaji anaandika na kugonga muhuri. Omba barua itaje umeishi hapo tangu lini, unaishi na nani, na inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii kwa ajili ya maombi ya malezi ya kambo. Barua inayosema tu "ni mkazi wangu" itakurudisha.

Hatua ya pili ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Mwanza tuna mkanganyiko hapa, kwa sababu mjini kuna wilaya mbili. Anayeishi Igoma, Mabatini au Buhongwa yuko Nyamagana na anakwenda Jiji. Anayeishi Kirumba, Pasiansi au Igombe ni wa Manispaa ya Ilemela, ambayo makao yake yako Buswelu. Kama kata yako ina afisa wake, anza na huyo, utaokoa nauli. Atakuhoji na kukupa fomu. Jiandae na kitambulisho cha NIDA, picha ndogo, cheti cha ndoa kama umeoa au umeolewa, majina ya wadhamini wanaokufahamu kwa muda mrefu, uthibitisho wa afya na uthibitisho wa kipato. Wakikuagiza cheti cha tabia njema, polisi watakuchukua alama za vidole. Mwenzi wako aje naye. Maombi ya mke ambayo mume hayajui hayana miguu.

Kipato cha watu wa ziwani

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, nami nataka nikae kidogo. Mwajiriwa anatoa karatasi ya mshahara na mambo yamekwisha. Mwanamke anayeanika dagaa Igombe atatoa nini? Fomu inauliza kipato cha mwezi, na kipato chake hakifuati kalenda hiyo. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikijaa, mitumbwi inapumzika na fedha inapumzika nayo. Nimeona watu wakiandika kiasi kikubwa cha wiki nzuri ya giza, halafu afisa anatembelea nyumba siku za mbalamwezi na kukuta chungu kimelala. Anaona umedanganya, kumbe hujadanganya.

Fanya hivi. Miezi mitatu kabla ya kuomba, nunua daftari na uandike kila siku kilichoingia na kilichotoka, siku za giza na za mbalamwezi. Chukua taarifa ya miamala ya simu yako. Omba barua ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu, inayothibitisha kazi yako, na barua ya kikoba inayoonyesha hisa zako. Ukifika kwa afisa, mweleze wazi: giza napata hivi, mbalamwezi napata hivi, na pengo naliziba kwa namna hii. Maelezo ya aina hiyo yana uzito kuliko tarakimu moja kubwa. Hakuna anayedai uwe tajiri. Wanataka kujua kama mtoto atakula siku ambayo ziwa limekataa.

Afisa atakuja nyumbani

Kutembelewa si mtego. Afisa ataangalia mtoto atalala wapi na pamoja na nani, choo, maji mnachota wapi, na kama mnaishi juu kwenye mawe ya milimani, mtoto atapandaje na kushukaje. Ataongea na watoto wako, pengine wewe ukiwa nje. Waeleze watoto mapema kwamba mgeni anaweza kuja kukaa; mtoto wa kwako akisema "sisi hatumtaki", hilo nalo ni jibu, na ni bora lijulikane sasa. Usiazime godoro la jirani. Baada ya ziara inaandikwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na maombi yanapelekwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Hapa subira inahitajika. Fuatilia kwa adabu, na kila unapokwenda andika tarehe na jina la uliyeongea naye.

Kibali kikitoka na mtoto akakabidhiwa kwako, toa nakala tano za barua siku hiyohiyo. Moja ibaki kwenye begi lako daima. Unapopanda meli ya kwenda Nansio na mtoto asiyefanana nawe, au unapovuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda msibani Sengerema, mtu ana haki ya kuuliza huyu ni nani. Ziara za afisa zitaendelea. Mwambie na yanayokushinda.

Sasa msaada wenyewe

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Kwa aliye chini ya miaka mitano, usajili unafanyika kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata bila malipo. Aliyezidi umri huo anashughulikiwa wilayani kwa utaratibu wa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Nakuomba sana: usijiandike wewe kama mama mzazi ili mambo yawe mepesi. Hiyo ni taarifa ya uongo, na inamfutia mtoto watu wake.

Shule: shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, na kidato cha tano na sita waliongezwa 2022. Sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula ni vyako. Kama alikuwa akisoma kwingine, fuata uhamisho na namba yake ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, maana bila hiyo jina lake litakosekana kwenye mitihani ya darasa la nne na la saba.

Matibabu: watoto chini ya miaka mitano wana msamaha katika vituo vya serikali. Aliye mkubwa, ukishindwa kulipa, usiondoke hospitali na mtoto mgonjwa. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini, ukiwa na barua ya mtendaji na barua ya malezi. Na kama anacheza majini, taja kichocho kwa daktari hata kabla hujaulizwa.

TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, haiombwi dirishani. Kaya maskini zinatambuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji. Lakini kama kaya yako imo tayari kwenye mpango, toa taarifa kuwa mtoto ameongezeka, kwa sababu malipo yanatazama pia watoto wanaohudhuria kliniki na shule. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na kwa kawaida inatolewa kwa vikundi. Mkopo huo ukuze biashara yako kwanza. Ukinunulia sare fedha ya mkopo, utairejesha kwa nini? Kwa sare tumieni mfuko wa jamii wa kikoba, na elezeni jambo hilo kikaoni kabla Januari haijafika.

Siku mtoto akirudi kwa ndugu zake, kwa maana wengine hurudi, mfungashie cheti, kadi ya kliniki, namba ya PREM, ripoti za shule na picha zake akiwa kwako. Ndugu wakikuruhusu, wape na namba yako ya simu.