Jinsi ya kuwashawishi majirani watenganishe taka

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia dada mmoja wa Mbagala kuanzisha hili jambo mtaani kwao, akaniuliza maswali mengi nikaona bora niandike. Mimi nimefanyia Dar kwenye nyumba za kupanga, wa maghorofani mtarekebisha wenyewe.

Hatua ya 1: Mwone mwenyekiti wa mtaa na mjumbe. Hii mnaijua.

Hatua ya 2: Elewana na mzoa taka KABLA hujagonga mlango hata mmoja. Hapa ndo niliumia. Mara ya kwanza tulipita nyumba thelathini na kitu, watu wakaitikia vizuri kabisa, siku ya kuzoa guta likaja, kijana akabeba ndoo ya maganda na kiroba cha chupa akamwaga vyote kwenye rundo moja, na mama mwenye nyumba kasimama mlangoni anaangalia. Akaniambia, "Sasa mwanangu, nilikuwa najichosha kwa nini?" Sikuwa na jibu. Baada ya wiki mbili mtaa mzima umerudi kulekule, na kuwarudisha kulinichukua miezi minne.

Kwa hiyo kaa naye chini. Usimwambie habari za mazingira, mwambie chupa ni zake, zikiwa hazijagusana na mchuzi wa maharage mnunuzi hazikatai, anachotakiwa ni kuning'iniza kiroba pembeni ya guta basi. Ila angalia, kama kuna kina mama wanaopita asubuhi kuokota chupa usiwakate riziki, wakalishe wote wagawane nyumba. Kama wazoaji wanabadilika kila wiki, usiwategemee, tafuta mtu wa bustani achukue za jikoni mwenyewe. Na siku tatu za kwanza za kuzoa simama barabarani uone kwa macho yako, usiamini simu.

Hatua ya 3: Maneno. Achana na "taka zinazooza na zisizooza", utaulizwa pampasi ni ipi na hapo mazungumzo yameisha. Mimi nasema hivi: kilichotoka shambani au kwenye sufuria kinaenda ndoo ya jikoni, anachonunua mtu wa chupa kinaenda kwenye kiroba, kingine chote kibaki palepale kinapokaa siku zote.

Halafu usimtafute baba mwenye nyumba, mtafute anayeshika ufagio, mara nyingi ni dada wa kazi au mtoto mkubwa. Msalimie, kaa, kama anamenya ndizi menya naye. Beba ndoo yako mwenyewe, ile ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, chini umeweka majivu au maranda, na kila ukitupa maganda unarushia kiganja kimoja juu. Fungua mbele yake anuse. Hiyo inashinda hotuba yoyote, maana hofu yao kubwa ni harufu na funza. Ndo hapo umwambie zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni za jikoni, akizitoa hizo, kilichobaki hakivuti inzi sana.

Hatua ya 4: Usitishie faini. Tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 watu wamezisikia sana, na mtu akiogopa anachoma taka usiku, moshi mnaupata nyote.

Hatua ya 5: Kwenye grupu la WhatsApp tuma voisi fupi na picha ya ndoo ya jirani anayeheshimika, kwa ruhusa yake. Vipeperushi sivipendi, vyetu nilivikuta vimefungia maandazi.

Hatua ya 6: Wiki ya tatu rudi kila nyumba na swali moja tu, "ndoo inakusumbua wapi?" Wengi watakwambia majivu yameisha, kwa hiyo nenda na mfuko wa maranda kutoka kwa fundi seremala, si kila mahali yanatolewa bure ila ukimwomba mapema anakuwekea. Na kila mwanzo wa mwezi ulizia wapangaji wapya, hao unaanza nao hatua ya 3.