Mteja anataka kurudisha kifaa ambacho hakikujaribiwa: ufanye nini, hatua kwa hatua

Laptopu na simu za mtumba zinazoshuka na kontena kutoka Uingereza au Dubai huja kwa mafungu. Chache zina chaja, nyingi hazina, na ukisema uwashe moja moja mzigo utakaa stoo hadi bei ishuke. Ndiyo maana wengi wetu hapa Dar tunaziuza Instagram na WhatsApp kwa bei ya chini, tukiandika "haijajaribiwa". Wanunuzi wetu wakubwa ni mafundi wa mikoani wanaosaka kioo, kibodi au bodi.

Ugomvi huanzia hapo. Muuzaji akishaandika neno hilo anajiona amemaliza, na mteja akiona kifaa hakiwaki anajiona ameibiwa. Mzigo unapotaka kurudi, usianze kubishana kama kinawaka au hakiwaki. Jiulize: nilichotuma ndicho nilichoandika? Hatua zote zinazofuata zinalijibu swali hilo, na nyingi unazifanya kabla hujauza.

Hatua ya 1: Tangazo liseme unachojua na usichojua

"Haijajaribiwa" lazima iwe kweli. Ukichomeka chaja kifaa kikagoma, umeshakijaribu, andika "haiwaki". Kuficha ubovu unaoujua nyuma ya neno hilo ni kumdanganya mtu, na mteja akigundua anastahili hela yake yote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Kuandika "mali ikiuzwa hairudishwi" chini ya tangazo lenye uongo hakukuokoi.

Tangazo langu la kawaida linasomeka hivi:

"HP EliteBook 840 G3. Haijajaribiwa: haikuja na chaja, hatujaichomeka umeme. Tumefungua mfuniko wa chini kupiga picha tu. RAM ipo moja ya 8GB, betri ipo, diski haipo. Kioo hakina ufa, ila hatujui kama kinaonyesha. Vitufe viwili vya kibodi vimeng'oka. Inafaa kwa fundi au kwa spea. Hairudishwi kwa sababu ya kutowaka. Inarudishwa ndani ya siku 3 tangu uipokee ikiwa kilichomo hakilingani na maelezo haya."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazobeba kila kitu. Mteja anajua mapema lipi litakubaliwa na lipi halitakubaliwa. Kabla hajalipa, mtumie tangazo hilo WhatsApp na umwombe ajibu "nimesoma, nakubali". Asiyetaka kujibu hivyo mwuzie kifaa kilichojaribiwa, chenye bei yake. Mwanafunzi anayetafuta laptopu ya kusomea hafai kuuziwa fungu la mafundi hata akisisitiza, mwambie wazi.

Diski huwa naitoa kila mara. Ndani yake kuna picha na nyaraka za mwenye kifaa wa zamani, na hazikuhusu wewe wala mteja.

Hatua ya 2: Weka alama kabla ya kufunga

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoliwa. Kifaa kinatoka kikiwa na RAM, kinarudi hakina. Au linarudi ganda la laptopu yako lenye bodi ya laptopu nyingine iliyokufa. Namba ya chini ya laptopu peke yake haikulindi, kwa sababu inabaki kwenye mfuniko hata bodi ikibadilishwa.

Fungua mfuniko na upige picha za karibu: bodi na stika zake za namba, RAM ikiwa mahali pake, betri na lebo yake, nafasi ya diski ikiwa tupu. Kisha funga, na kwenye skrubu mbili za pembeni dondoshea tone la rangi ya kucha, lishike kichwa cha skrubu na mfuniko kwa pamoja. Bisibisi ikiingia, rangi inapasuka, na hata mtu akipaka nyingine juu, ufa wa zamani utauona ukimulika tochi ya simu. Piga picha ya tone hilo pia. Mwambie mteja kwamba alama ipo na ina maana gani; usimtegee.

Kwa simu isiyowaka huwezi kupiga *#06#, kwa hiyo nakili IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iliyoandikwa mgongoni, chini ya betri au kwenye trei ya laini. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone inatambulika vipi kabla hujaiuza. Tangu Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, fundi hana sababu ya kuhangaika na simu ambayo hata ikipona haitashika mtandao.

Hatua ya 3: Kusafirisha

Rekodi video moja isiyokatwa, kuanzia kifaa kikiwa mezani hadi boksi linafungwa gundi. Mwombe mteja naye arekodi anapofungua. Betri iliyovimba usiipakie kwenye basi kwa namna yoyote, maana inaweza kuwaka moto. Itoe na uandike kwamba haipo. Risiti ya mzigo ipige picha, umtumie mteja hapohapo.

Hatua ya 4: Malalamiko yakifika

Jibu siku hiyohiyo, hata kama huna jibu kamili. Mteja aliyelipa akakaa siku mbili bila kujibiwa anaanza kuandika kwenye komenti za watu wengine kwamba wewe ni tapeli. Usianze kwa kumkumbusha alichokubali. Anza hivi:

"Habari kaka, pole kwa usumbufu. Naomba unitumie video ya kufungua boksi, picha ya skrubu za chini na picha ya ndani kama umeshafungua. Nieleze pia uliichomeka chaja ya volti ngapi na ikafanya nini. Usiendelee kuifungua mpaka tuelewane."

Swali la chaja lina kazi yake. Fundi wa kweli atakwambia taa iliwaka au haikuwaka, mita ilisoma nini. Majibu yake yatakuonyesha kama ameshaichokonoa bodi.

Hatua ya 5: Amua

Haiwaki, na kila kitu kipo kama ulivyoandika: hairudi. Mweleze kwa upole na umrudishie picha ya "nimesoma, nakubali". Ukitaka kumpunguzia bei kwenye mzigo ujao, fanya hivyo kwa hiari yako, na umwambie ni hiari ili asije kudai wakati mwingine.

Ulichoandika hakimo, kwa mfano uliandika 8GB akakuta 4GB: kosa ni lako, hata kama hukukusudia. Mpe achague kurudisha na kupewa hela yote, au kubaki nacho na kurudishiwa tofauti. Kwa vifaa vya bei ndogo njia ya pili huwa nafuu kwa wote, maana nauli ya basi ya kwenda na kurudi inaweza kukaribia thamani ya kifaa chenyewe.

Kioo kimevunjika njiani: linganisha video mbili. Kama boksi halikuwa na sponji ya kutosha, lipa wewe. Kama ulifunga vizuri na boksi limefika limebondeka, peleka picha na risiti ofisi ya basi mapema, lakini usimfanye mteja asubiri wamalize kuzungumza nawe.

Alama imevunjwa na kipande kimoja hakipo: kataa, ukiambatanisha picha ya kabla na ya baada. Usimwite mwizi. Inawezekana fundi wake ndiye aliyechomoa, yeye hajui.

Hatua ya 6: Mzigo ukirudi, hela zikienda

Fungua ukiwa umewasha kamera. Alama kwanza, halafu namba za bodi, halafu vipande kimoja baada ya kingine ukiangalia picha zako. Baada ya hapo ndipo utume hela, siku hiyohiyo.

Rudisha kwenye namba ileile iliyolipa, yenye jina lilelile. Ukiambiwa "tuma kwa namba hii ya shemeji", kataa, kwa sababu mlipaji halisi akija kudai huna pa kushika. Kosa likiwa lako, ongeza nauli aliyotumia na ya kutolea. Mteja akipokea pungufu ya alicholipa, kwake yeye bado hujarudisha.

Kwa mnaouza mkiwa Ulaya au Marekani

Ukiuza eBay, weka kifaa kwenye kundi la vifaa vya spea au visivyofanya kazi. Hata ukiandika kwamba hupokei marejesho, mnunuzi ana siku 30 za kudai kwamba alichopokea hakilingani na maelezo, na wewe una siku 3 za kazi kumjibu kabla hajaweza kuiita eBay iamue. Dai likikubaliwa, nauli ya kurudisha ni yako. Uingereza, anayeuza mtandaoni kama mfanyabiashara anabanwa pia na kanuni za mwaka 2013, zinazompa mteja wa kawaida siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Hapo "haijajaribiwa" haizuii kitu, kwa hiyo iingize gharama hiyo kwenye bei.

Hatua ya 7: Kifaa kilichorudi

Usikirudishe kwenye fungu. Mteja ameshakichomeka umeme na amekwambia kilichotokea, kwa hiyo tangazo la zamani si la kweli tena. Andika jipya: "Ilichomekwa chaja ya volti 19.5, taa haikuwaka, mfuniko umeshafunguliwa." Piga picha upya, weka tone jingine la rangi, shusha bei, uza kama mbovu.