Somo: Kuchagua laptop ndogo ya chuo kwa bajeti ndogo

Wakuu, msimu wa kuanza chuo ukikaribia maswali huwa yale yale: HP au Dell? i5 au i7? Majibu yake hayakusaidii sana. Somo hili nimelijenga juu ya jambo moja: fedha yako kidogo iweke kwenye vitu ambavyo hutaweza kuvibadilisha baadaye. SSD (hifadhi ya kasi ya mafaili) kwenye mashine nyingi hubadilishwa kwa bisibisi ndani ya muda mfupi. Betri nayo hubadilika, ukiipata halisi. Lakini kioo kibaya, prosesa dhaifu (ubongo wa kompyuta) na RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) iliyochomelewa kwenye bodi utaishi navyo hadi uhitimu.

Hatua ya 1: Anza na kozi, bei baadaye

Anayesoma sheria, historia, lugha au ualimu muda wake mwingi utaishia kwenye Word, PDF na kivinjari chenye kurasa ishirini zilizofunguliwa kwa pamoja. Hahitaji kadi ya picha ya pekee. Wa uchumi na takwimu ataongeza programu za takwimu kama SPSS, Stata au R, ambazo ni nyepesi kuliko zinavyoogopwa, labda data iwe kubwa kweli kweli. Wa ramani na ardhi ajue mapema kwamba ArcGIS Pro ni ya Windows tu, ilhali QGIS inakubali Windows, Mac na Linux (mfumo endeshi wa bure).

Wahandisi na wasanifu majengo, kwenu ni pagumu. SolidWorks na Revit ni za Windows tu, na zinataka mashine yenye misuli. Ukitaka laptop ya kilo moja na ushei, ya bei ya chini, na inayochora jengo zima la 3D bila kuhema, moja kati ya hayo matatu litakukimbia. Watafute wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi yako, uwaulize programu wanazotumia kweli. Orodha ya idara mara nyingine huwa na vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua.

Hatua ya 2: Ukubwa, kioo na chaja

Inchi 11.6 ni nyepesi, ila kibodi yake imebanwa, na nyingi zina kioo cha pikseli 1366×768. Kwenye kioo hicho ukurasa wa PDF unauona vipande vipande. Kwangu mimi 13.3 hadi 14 ndicho kipimo cha mwanafunzi. Tafuta 1920×1080 ya aina ya IPS. Vile vya TN, ukiinamisha kidogo tu, rangi zinageuka, na mwenzako aliyekaa pembeni haoni kitu.

Chaja ihesabu kwenye uzito wa begi. Mashine inayochajiwa kwa USB-C ya wati 45 au 65 inakuokoa hapo, na chaja ikipotea unaazima ya jirani.

Hatua ya 3: Soma namba yote ya prosesa

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. i5-7200U na i5-8250U zote ni i5, na kibandiko cha nje hakitofautiani sana. Ya kwanza ina viini (cores) viwili, ya pili vinne. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, na zikiwa tano, kama kwenye 10110U, au nne zinazoanza na 1, kama kwenye 1135G7, kizazi ni zile mbili za mwanzo. Herufi U mwishoni maana yake prosesa inatumia umeme kidogo. H ni ya nguvu zaidi, na inakula betri vilevile.

Kizazi cha 8 ni mpaka muhimu kwa sababu nyingine: kwa Intel, Windows 11 rasmi huanzia hapo, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Chini ya hapo, jiandae kutumia Linux au achana nayo. Upande wa AMD, mpinzani wa Intel, ukianzia Ryzen 5 3500U uko salama.

Halafu kuna prosesa ya bei chee, Celeron N4020. Windows 11 inaikubali, na bado itakuchosha. Viini viwili, basi. Kama lazima uende huko chini, bora Intel N100 yenye vinne.

Hatua ya 4: RAM na hifadhi

RAM isipungue 8GB, na 16GB ni raha zaidi. Ila kuliko kung'ang'ania 16 leo, uliza kwanza: inaongezeka? Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Memory, utaona nafasi ngapi za RAM zipo na ngapi zimejaa, kisha thibitisha kwa kusoma maelezo ya modeli hiyo hiyo. ThinkPad T480 na ThinkPad X280 zilitoka mwaka mmoja, 2018, kwa kampuni moja, Lenovo. T480 ina nafasi mbili za RAM. Ya X280 imechomelewa, kwa hiyo uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Kwenye hifadhi ogopa herufi nne: eMMC, hifadhi ya polepole isiyong'oka. Laptop mpya za bei chee hupachikwa 64GB za eMMC kwenye bodi, na muuzaji atakwambia ni SSD. Windows 11 yenyewe inadai diski isiyopungua 64GB, kwa hiyo masasisho mawili matatu tu na unaanza kufuta picha zako. HDD (diski ya zamani inayozunguka) nayo ni polepole, lakini angalau inang'oka na SSD inaingia. SSD ya 256GB inamtosha mwanafunzi wa kawaida.

Hatua ya 5: Mpya ya bei chee, au ya ofisi iliyotumika?

Mimi nachagua ya ofisi, bila kusita. Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5 na T480 niliyoitaja ni za inchi 14, zina nafasi mbili za RAM, kibodi zake zimetengenezwa kwa mtu anayechapa kutwa, na vipuri vyake havina shida. Modeli hizi zilitolewa pia na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo hatua ya 3 usiiruke. Mpya ya bei ile ile mara nyingi itakupa plastiki, Celeron na 4GB zisizoongezeka. Faida yake ni waranti na betri mbichi, na kama huna mtu wa kukusaidia kukagua, hiyo nayo ni hoja.

Hatua ya 6: Ukaguzi kabla ya kulipa

Iwashe mwenyewe, usikubali kuwashiwa. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza kitufe inapowaka (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP). Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, aga. Windows ikisakinishwa upya na kudai barua pepe ya kampuni fulani, mashine bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo, aga pia.

Betri ipime kwa namba. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Iliyozaliwa na Wh (wati-saa) 50 ikabakiwa na 30 ina asilimia 60. Kazi nyepesi zikitumia wati 8 hivi, hizo ni saa tatu na dakika arobaini na tano, badala ya saa sita na robo.

Kisha bonyeza kila kitufe, jaribu kila tundu, kamera na maiki, kunjua na kukunja bawaba, na weka picha nyeupe kioo kizima utafute madoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shukrani kwa somo mkuu. Vipi MacBook Air ya M1 iliyotumika?
Ni ya 2020, kilo 1.29, haina feni, inakaa na chaji sana. Ila RAM na hifadhi zote zimechomelewa, na zile programu za Windows tu nilizotaja haziingii moja kwa moja. Ukiipenda, mwenye nayo atoke kwenye akaunti yake ya iCloud na kuifuta mbele yako. Akisema atakupa nywila baadaye, usitoe hela.

Mkuu, i7 kizazi cha 4 na i3 kizazi cha 10, bei sawa. Nichukue ipi?
i3, ndugu yangu.

Na Chromebook je? Mdogo wangu anaanza ualimu.
Kwa kuandika na kusoma mtandaoni inatosha, dada, mradi intaneti yake iwe ya uhakika. SPSS haisakiniki humo. Google huzipa masasisho kwa miaka 10, lakini hesabu inaanzia toleo hilo lilipotoka, wala haijali ninyi mmenunua lini. Angalia tarehe ya mwisho ya modeli hiyo kwanza.

Mimi nimeshanunua yenye 4GB na HDD, inaganda hadi aibu. Nifanyeje?
Anza na SSD, tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Ikibaki hela, fikisha RAM 8GB kama kuna nafasi. Kama imechomelewa, jaribu Linux Mint toleo jepesi la Xfce, na LibreOffice badala ya Word. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, uone kwanza kama unaiweza.

Laptop yangu mpya inakataa kusakinisha programu, inanipeleka Microsoft Store kila mara. Ni virusi?
Hapana, ipo kwenye S mode, hali ya Windows inayoruhusu programu za Store tu. Ingia Settings, System, Activation, uitoe. Ni bure, lakini ukishatoka huwezi kurudi tena, kwa hiyo kuanzia hapo angalia unachopakua.