SOMO: Kufuma kwenye nyumba yenye paka, hatua kwa hatua

Nimeandika somo hili kwa sababu swali ni lilelile kila wiki: "Dada, una paka wawili ndani na unafuma kazi za wateja, unawezaje?" Nikimaliza kumjibu mmoja, mwingine anapiga simu. Sasa majibu yote yako hapa. Atakayeuliza tena nitamleta hapahapa.

Naishi Tabata. Nafuma kwa sindano mbili na kwa kroshia, na kazi yangu kubwa ni seti za watoto wachanga: sweta, kofia na soksi. Paka wangu ni Chausiku, jike mweusi, na Dagaa, dume niliyemwokota kwenye mtaro akiwa mdogo. Chausiku anaiba, Dagaa anatafuna.

Wengi wanaoniuliza wanalihofia sweta. Sweta hufumuliwa likafumwa upya. Mimi namhofia paka. Lile donge kubwa mnalolificha juu ya kabati halina hatari kama kipande cha uzi kilichodondoka chini ya kochi bila mtu kukiona. Someni hatua zote mkikumbuka hilo.

Hatua ya 1. Uzi. Kwa joto la Dar, pamba au akriliki laini. Sufu ifumie ndugu zako wa Njombe na Mbeya.

Hatua ya 2. Ndoo yenye mfuniko. Donge likae ndani ya ndoo wakati wote unapofuma. Kikapu hakifai, wala mfuko wa rambo, kwa sababu paka anapenda mchakacho wake. Mimi natumia ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, ya lita 4. Pasha msumari moto, toboa mfuniko tundu linalopitisha uzi mmoja tu, kisha sugua kingo kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Usiposugua, plastiki itauchana uzi taratibu na utaona manyoyamanyoya kwenye kazi. Chini ya donge weka kimfuko cha mchanga kilichoshonwa vizuri, maana ndoo nyepesi paka anaiangusha kwa teke moja.

Hatua ya 3. Pa kukaa. Kaa mbali na feni ya chini. Upepo ukitikisa uzi, kwa paka uzi huo umekuwa mdudu hai.

Hatua ya 4. Wachezeshe kwanza. Paka huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, saa zilezile ambazo wengi wetu ndiyo tunapata nafasi ya kufuma. Usishindane na maumbile yake. Chukua kijiti, funga kipande cha kitenge mwishoni, mkimbize dakika 10 au 15. Umwache akamate kweli mara kadhaa, kisha mpe chakula. Akishawinda na kula, atajiramba na kulala, nawe unapata saa nzima ya utulivu. Kijiti hicho ukimaliza kifungie kabatini. Na usimchezeshe kwa uzi hata siku moja, kwa sababu utamfundisha kwamba uzi ni wake.

Hatua ya 5. Vipande vya uzi. Hapa ndipo nilipokosea, na naomba msome polepole.

Ilikuwa jioni ya kukabidhi kazi. Nilikuwa naficha miisho ya uzi kwenye sweta na kukata mabaki, nayaweka kwenye mkono wa kochi nije kuyatupa yote pamoja. Umeme ukakatika. Nikaenda jikoni kutafuta mshumaa, nikarudi, nikaendelea na kazi. Sikuhesabu vipande. Kesho yake Dagaa alitapika mara mbili, nikadhani ni manyoya. Siku ya pili alikataa samaki, akajificha nyuma ya friji. Siku ya tatu nikaona uzi wa njano umening'inia chini ya mkia wake. Nikauvuta. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena, na uzi ukakatikia ndani. Daktari alinieleza kwamba upande mmoja wa uzi ulikuwa umenasa mbele kwenye tumbo, na utumbo ulikuwa unaendelea kuusukuma upande wa pili. Nyie mnaoshona mnajua kinachotokea ukivuta uzi wa marinda: kitambaa chote kinajikusanya. Utumbo wa paka unajikunja vivyo hivyo, halafu uzi unaukata kama wembe. Dagaa alifanyiwa upasuaji usiku uleule na akapona, lakini mimi kwa mkono wangu nilikaribia kumuua.

Kwa hiyo:

Kila kipande unachokikata kiingie kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha palepale, kabla mkasi haujarudi mezani. Kopo liwe mapajani au kiunoni. Mkono wa kochi si mahali pa kuweka uzi.

Ukiona uzi unatoka mdomoni au nyuma ya paka, USIVUTE. Usiukate ule wa mdomoni, maana daktari anauhitaji. Usimnyweshe mafuta ya kula ukitegemea utateleza. Mzuie asiendelee kuumeza, nenda kwa daktari wa mifugo.

Akitapika zaidi ya mara moja, akikataa chakula anachokipenda, akijificha au akijikunja ukimgusa tumbo, usingoje siku ya tatu kama mimi.

Sindano ya kushonea yenye uzi ndiyo mbaya kuliko vyote. Ihesabu unapoanza na unapomaliza.

Hatua ya 6. Ukinyanyuka. Hata kama unakwenda kuzima jiko tu, kazi yote inaingia ndani ya ndoo na mfuniko unafungwa. Kila baada ya mistari 10 napitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine katikati ya vitanzi vyote vya mstari mmoja na kuuacha humo. Chausiku akichomoa sindano, kazi inafumuka mpaka kwenye ule uzi tu na kusimama.

Hatua ya 7. Kuanika. Sweta la kufuma hulazwa, halitundikwi, na paka hana kitanda anachokipenda kuliko hicho. Lilaze juu ya taulo, lifunike kwa chandarua cha mtoto, kile cha mwavuli. Inzi na paka wote wanabaki nje.

Hatua ya 8. Manyoya ya paka kwenye kazi. Vaa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, pitisha mkono juu ya kazi kuelekea upande mmoja tu.

Maswali yaje.

---

Mama Pacha: Asante kwa somo. Mimi paka wangu nimempa donge lake la zamani achezee. Hilo si lina usalama maana ni kubwa hawezi kumeza?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 4, sentensi ya mwisho. Donge kubwa lina mwisho wa uzi, naye anaanzia hapo. Mnyang'anye leo.

Kijana wa Ilala: Sijasoma yote ni ndefu. Kwa kifupi nifanyeje?

Mwandishi: Soma hatua ya 5.

Mwanafunzi wa Kufuma: Shikamoo dada. Nimesoma mara mbili. Kitu kimoja sijaelewa: kwa nini paka asiuteme uzi akishaona si chakula? Mbwa wetu akila kitu kibaya anakitema.

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Paka akikulamba mkono, unahisi msasa, sivyo? Ule ukwaruzaji ni vimiba vidogo vilivyojaa kwenye ulimi, na vyote vimeelekea nyuma, kooni. Vinamsaidia kuchana manyoya yake na kukwangua nyama kwenye mfupa. Uzi ukishika kwenye vimiba hivyo, kila anavyotikisa ulimi autoe, ndivyo unavyosogea ndani. Inafika mahali kumeza ndiyo njia pekee iliyobaki kwake. Mara nyingine uzi unazunguka shina la ulimi na kunasa hapo, huku mwisho wake umeshafika tumboni. Ndiyo maana daktari huinua ulimi kuangalia chini yake.

Mwanafunzi wa Kufuma: Sikuwahi kujua. Na eksirei inaonyesha uzi?

Mwandishi: Uzi wenyewe kwa kawaida hauonekani. Daktari anatafuta jinsi utumbo ulivyojikusanya, au anatumia altrasaundi. Kwa hiyo ukifika mwambie mwanzo kabisa: "Mimi nafuma, nyumbani kuna nyuzi." Bila hilo anaweza kuanza na minyoo au sumu, na muda unakwenda. Chukua na kipande cha uzi ulionao aone unene wake.

Baba Mwenye Nyumba: Mnajisumbua bure. Paka mahali pake ni nje akamate panya. Mfungie nje ufume kwa amani.

Mwandishi: Ndugu yangu, paka wangu wanaishi nami na hilo sikuliuliza. Nje kuna barabara, kuna mbwa, kuna panya waliokula sumu. Somo linawahusu wanaokaa na paka ndani. Kama wewe umeamua vingine, hatua ya 7 bado itakufaa kwa inzi.

Mama Kigamboni: Jamani nisaidieni haraka. Paka wangu anatapika tangu juzi, amelala tu. Nina Panadol ndani, nimpe nusu?

Mwandishi: USIMPE. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Usimpe dawa yoyote ya binadamu. Mwite daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje kesho. Mpigie kwanza umuulize kama ana uwezo wa kupasua paka, ili usivuke kivuko ukafika ukaambiwa uende kwingine. Unafuma au kushona?

Mama Kigamboni: Nashona. Cherehani iko sebuleni.

Mwandishi: Basi mwambie hivyo. Nenda dada, tutaongea ukirudi.

Fundi wa Kroshia: Mimi najiuliza, daktari wa mifugo si wa ng'ombe na kuku? Paka atamjulia wapi?

Mwandishi: Anamjua. Madaktari wa mifugo waliosoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wanafundishwa wanyama wote, paka na mbwa wakiwemo. Ila si kila mmoja ana vifaa vya upasuaji, ndiyo maana nasema piga simu kwanza. Mtafute kabla hujamhitaji, na namba yake ibandike kwenye friji.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Dada, paka amevuta kitanzi kwenye shali niliyofuma miezi miwili, kimetoka nje kama sikio. Nikate?

Mwandishi: Usikate! Ukikata, shali itaanza kufumuka. Pole sana, najua miezi miwili ni nini. Ilaze mezani kwenye mwanga. Ukitazama utaona kando ya kile kitanzi vitanzi jirani vimebanwa, kwa sababu uzi wao ndio uliovutwa. Chukua sindano butu, anza na jirani wa karibu, mlegeze kwa kumvuta kidogo, uende kwa wa pili, wa tatu, pande zote mbili, ukirudisha uzi kidogokidogo mpaka lile sikio liishe. Kwa kitanzi kirefu inaweza kuchukua nusu saa. Uzi unaobakia usukume upande wa ndani. Kama uzi umekatika, vishike vitanzi vilivyo wazi kwa pini ya nepi kwanza, halafu nipigie picha uniletee.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Limeisha! Sioni hata palipokuwa. Mungu akubariki.

Mama Kigamboni: Nimerudi. Uzi wa cherehani ulikuwa umezunguka chini ya ulimi. Amepasuliwa, amezinduka, analala huko siku mbili. Daktari amesema ingekuwa kesho asingepona. Nalia tu hapa.

Mwandishi: Alhamdulillahi. Lia dada, ni haki yako. Akirudi mtenge chumba kimoja, asiruke, na cherehani ifunikwe.

Mpenda Sufu: Tukirudi kwenye nyuzi. Kariakoo muuzaji ananiapia ni sufu tupu, bei ya akriliki. Nitajuaje?

Mwandishi: Omba kipande cha urefu wa kidole, kichome nje ya nyumba ukikishika kwa koleo, juu ya sahani ya bati. Sufu inaungua kwa shida, inazimika yenyewe, inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba inawaka haraka na kunuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inanuka plastiki, inaacha kijiwe kigumu cheusi. Uzi uliochanganywa hutoa dalili zaidi ya moja.

Mpenda Sufu: Na paka wangu mdogo ananyonya sufu huku akikanda kwa miguu. Ni njaa?

Mwandishi: Mara nyingi ni paka aliyetengwa na mama yake mapema, kabla ya wiki 8. Dagaa alikuwa hivyo. Nilimpa taulo nene lisilo na nyuzi ndefu, akahamia huko. Akianza kutafuna na kumeza, liondoe.

Fundi wa Kroshia: Masika nyuzi zangu zinanuka ukungu. Mama ananiambia niweke vile vidonge vyeupe vya kabati.

Mwandishi: Kwenye nyumba yenye paka usiviweke, ni sumu kwake akivilamba. Mafuta ya karafuu pia usipake. Mimi nasubiri siku ya jua, natandaza nyuzi kwa muda wa saa mbili hivi kivulini penye upepo mpaka zikauke kabisa, kisha naziweka kwenye mifuko ya kuziba na kuikandamiza hewa yote itoke. Mifuko inakaa juu ya kabati, isiguse ukuta wa nje, maana ukuta huo ndio unaoleta unyevu.

Fundi wa Kroshia: Kivulini, si juani?

Mwandishi: Kivulini. Jua la Dar linafubaza rangi, hasa nyekundu na zambarau.