Namna ya Kupima Sifa za Walenga Shabaha wa Kale kwa Kuanzia na Bunduki Zao

Klabu ya historia ya shule yoyote hapa Tanga ikitaka kuandaa onyesho la picha na maelezo, mada ya walenga shabaha waliotumbuiza watu viwanjani karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 inafaa sana, kwa kuwa ndani yake mna wasifu wa watu, ufundi wa mikono na hesabu. Ugumu wake ni kwamba watu hao wamevikwa sifa nyingi, na mwanafunzi hujikuta ama anaziamini zote ama anazikataa zote. Njia ninayoipendekeza ni hii: kabla ya kuuliza mtu alikuwa hodari kiasi gani, uliza kwanza alishika bunduki gani.

Swali la kwanza lihusu kilichotoka mtutuni, kwa sababu risasi moja na marisawa, yaani chembe nyingi ndogo zinazotoka mtutuni kwa pamoja, ni mambo mawili tofauti kabisa. Risasi hupiga mahali pamoja tu. Marisawa hutawanyika na kufunika eneo pana zaidi. William Cody, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Bill, alikuwa akivunja mipira ya kioo iliyorushwa hewani huku farasi wake akienda mbio, na bunduki yake ilikuwa Winchester ya mwaka 1873 yenye mtutu laini ndani, iliyojazwa marisawa. Wanafunzi wakilisikia hili huwa wanadhani watazamaji walilaghaiwa. Mwalimu asiwaache na dhana hiyo, bali awaeleze kwamba risasi nzima ingepita juu ya uwanja na kwenda kuua mtu mbali, ilhali marisawa huishiwa nguvu mapema. Tena, kumwongoza farasi anayekimbia, kuvuta wenzo wa kuingiza risasi nyingine na kufyatua kwa wakati unaofaa ni kazi ambayo marisawa hayamfanyii mtu.

Swali la pili ni namna bunduki inavyojazwa, na hapo mfano bora ni Ad Topperwein. Mwezi Desemba 1907, mjini San Antonio, Texas, alifyatulia vipande vya mbao 72,500 vilivyorushwa hewani kwa muda wa siku 10, akakosa 9 tu. Waambie wanafunzi wagawanye wenyewe: ni wastani wa vipande 7,250 kwa siku, na hata kama angefyatua kwa saa 8 bila kupumzika, ni kipande kimoja kila sekunde 4. Bunduki yake, Winchester ya mwaka 1903, ilikuwa ikijiingizia risasi yenyewe, ilibeba risasi 10 ndani ya kitako, na risasi zenyewe zilikuwa ndogo, za kipenyo cha milimita 5.6 hivi, ambazo hazilisukumi bega kwa nguvu. Kwa bunduki kubwa ya kivita bega lingekuwa limevimba kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza. Kwa hiyo bunduki iliiwezesha rekodi hiyo, lakini jicho na subira ya siku 10 vilikuwa vyake mwenyewe, na mimi naona subira hiyo ndiyo ya kustaajabisha zaidi.

Ili jambo hili lieleweke bila silaha yoyote, chukueni chungwa la Muheza, ambalo linakaribiana kwa ukubwa na ile mipira ya kioo, mkalirushe juu uwanjani. Mmoja arushe, mwingine asimame hatua kadhaa pembeni na kupiga kofi pale anapoona chungwa limefika kileleni. Hata likirushwa juu kiasi gani, chungwa hubaki ndani ya sentimita 10 za juu kabisa kwa zaidi kidogo ya robo ya sekunde, na mara nyingi anayeanza hupiga kofi likiwa tayari linashuka. Mtaona wenyewe kwa nini mlenga shabaha alikisubiri kile kituo kifupi badala ya kulifukuza chungwa njiani.

Swali la tatu ni baruti. Adam Bogardus alipovunja mipira ya kioo 5,000 kwa chini ya dakika 500 mjini New York mwaka 1878, baruti isiyo na moshi mwingi ilikuwa bado haijaenea, na kila mlio ulimwachia wingu mbele ya macho. Watu wa Tanga wana mfano wa karibu: katika mapigano ya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, yanayojulikana kama Vita vya Nyuki, baadhi ya askari wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 inayotumia baruti nyeusi, na moshi wake uliwaonyesha maadui mahali askari hao walipojificha.

Msisahau pia mwili wa mpigaji. Annie Oakley, aliyezaliwa Ohio mwaka 1860 na kujiunga na kundi la maonyesho la Cody mwaka 1885, alikuwa na urefu wa sentimita 152 hivi, na baada ya kufika London mwaka 1887 alitengenezewa na kampuni ya mafundi wa bunduki ya Charles Lancaster bunduki zinazolingana na mikono na bega lake. Kitako kirefu mno humchelewesha mpigaji, naye alihitaji wepesi.

Kama mzazi atajitolea kuleta gobore la babu lipambe onyesho, mwombeni picha yake tu, na mwelekezeni kituo cha polisi kuhusu silaha yenyewe, kwa kuwa umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Chini ya kila picha andikeni jina la mpigaji, mwaka, aina ya bunduki, risasi au marisawa, aina ya shabaha na umbali wake. Palipokosekana umbali, acheni nafasi wazi ili mtazamaji aone kwamba haukupatikana.