Jinsi ya kuipatia ithibati digrii inayofundishwa na vyuo vingi kwa pamoja, hatua kwa hatua

Nimekaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya uratibu wa masters moja inayoendeshwa na vyuo vinne vya nchi nne huku Ulaya, na karibu kila mwezi napata meseji kutoka kwa wahadhiri wa nyumbani, Dar, Nairobi, Kampala, wameitwa na wenzao wa Ulaya wafungue programu ya pamoja, wamekubali kwa moyo mweupe, wamesaini, alafu ikifika kwenye ithibati kila chuo kinamwangalia mwenzake. Nimeona niandike njia nzima mara moja, vile tulivyopita sisi.

Kwanza tuelewane tatizo ni nini. Chuo kimoja kikifungua digrii yake kinaenda kwa mamlaka ya nchi yake, inakaguliwa, basi. Vyuo vinne vya nchi nne vikifungua digrii moja, kwa utaratibu wa zamani kila chuo kinaenda kwa mamlaka yake na kila mamlaka inakagua kile kipande kinachofundishwa kwake, kwa fomu zake, kwa lugha yake, kwa tarehe zake. Unapata ukaguzi nne na hamna hata mmoja ulioiangalia digrii nzima. Mbaya zaidi mmoja anasema punguza hiki na mwingine anasema ongeza hichohicho. Ndo maana mawaziri wa elimu ya juu wa nchi za Mchakato wa Bologna, yaani mpango wa nchi za Ulaya wa kuoanisha mifumo yao ya elimu ya juu, walipokutana Yerevan, Armenia, Mei 2015, wakapitisha utaratibu unaoitwa European Approach: wakala mmoja wa kukagua ubora, jopo moja la wataalamu, ripoti moja, uamuzi mmoja unaokubalika kwa vyuo vyote. Hiyo ndo njia naielezea hapa.

Hatua ya 1: Jueni mtatoa cheti gani

Watu wengi wanaanza na mtaala. Mimi nasema anzeni na cheti, yaani siku ya mahafali mwanafunzi anapewa karatasi gani mkononi. Kuna shahada ya pamoja, cheti kimoja chenye nembo na sahihi za vyuo vyote au baadhi, na kuna shahada mbili au zaidi, kila chuo kinatoa chake. Zote mnaweza kuziombea ithibati kwa njia hii, ila sheria za nchi zenu ndo zinaamua ipi inawezekana, na hapo usimuulize profesa, muulize mwanasheria wa chuo na mtu wa ofisi ya msajili, kila chuo peke yake, na majibu yawe kwa maandishi. Kuna nchi sheria inataka cheti kiwe kwa lugha ya taifa, kuna nchi cheti lazima kichapwe kwa karatasi rasmi ya serikali.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilimsaidia dada mmoja wa nyumbani, amesoma vizuri, amemaliza, amerudi, akapeleka cheti kutambuliwa, na kwenye cheti kulikuwa na jina la chuo kimoja tu wakati transkripti inaonyesha amesoma vyuo vitatu. Alihangaika miezi na miezi kuthibitisha mihula yake miwili ilikuwa halali, na nafasi ya kazi iliyokuwa inamsubiri ikaenda kwa mtu mwingine. Kosa lilifanyika mezani kwa waliobuni programu miaka kadhaa kabla hata hajaomba nafasi.

Hatua ya 2: Angalieni kama nchi zenu zinaikubali hii njia

Sio kila nchi imeshaingiza European Approach kwenye sheria yake. Kuna nchi inakubali kwa vyuo vyote, kuna nchi kwa baadhi ya vyuo au kwa masharti, na kuna nchi bado. Rejista ya Ulaya ya mawakala wa ubora, EQAR, iliyoko Brussels, kwenye tovuti yake ina ukurasa wa kila nchi unaoeleza hili, fungueni ukurasa wa kila nchi ya kwenu na mseve mlichokiona siku hiyo. Hata pale nchi inapokubali kunaweza kuwa na kitu cha ziada, Ujerumani kwa mfano kuna baraza lao la ithibati, Akkreditierungsrat, nalo lazima lipewe taarifa, kwahiyo usihesabu kazi imeisha kwasababu wakala ameshaamua.

Alafu kuna vyuo ambavyo vina mamlaka ya kujipa ithibati vyenyewe kwa programu zao. Hivyo haviitaji wakala wa nje kwa kila digrii, lakini mkiwa na chuo kama hicho kwenye kundi pamoja na vingine ambavyo vinahitaji, fanyeni ukaguzi mmoja tu wa pamoja na chuo hicho kitumie ripoti ileile ndani kwake.

Kama kuna chuo cha Afrika kwenye kundi, utaratibu wenyewe unaruhusu, ila mnatakiwa muulize mapema mamlaka ya nchi hiyo kama itakubali vigezo hivi na uamuzi wa wakala wa Ulaya. Kwa Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE, Uganda ni NCHE. Msisubiri ripoti itoke ndo mpeleke. Andikeni barua mwanzo kabisa, ombeni kikao, waelezeni. Mamlaka ikishirikishwa mwanzo inasaidia, ikiletewa kitu kimeshaiva inaanza kuuliza maswali ya msingi, na ina haki kabisa ya kuuliza.

Hatua ya 3: Mkataba

Hapa ndo kaeni muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwasababu jopo litasoma mkataba kabla halijasoma kitu kingine na maswali mengi ya kwenye mahojiano yatatoka humo. Zile MoU, hati za makubaliano ya jumla, za kurasa mbili zenye "tutashirikiana katika nyanja mbalimbali" hazitoshi. Mkataba wa programu ya pamoja lazima useme: jina la shahada na nani anaitoa, nani anaratibu na nani anawajibika kwa nini, hela zinaingiaje na zinagawanywaje, wanafunzi wanaombaje na wanachaguliwaje, wanafunzi na walimu wanazungukaje kati ya vyuo, mitihani inaendeshwaje, mwanafunzi anapimwaje, krediti za chuo kimoja zinatambulikaje kingine, na shahada inatolewa kwa utaratibu gani.

Mambo mawili yanasahaulika sana. La kwanza ni mwanafunzi akifeli. Amefeli somo la muhula wa pili katika nchi ya pili, sasa yuko nchi ya tatu na viza ya nchi ya tatu, anarudia wapi, kwa sheria za nani, na akikata rufaa anakata kwa nani? Andikeni. La pili ni chuo kikijitoa katikati. Waliokwisha kuingia wanamalizaje? Andikeni hilo pia, wakati bado mnapendana.

Na maksi. Italia mtihani unasahihishwa kwa 30, Ujerumani 1 ndo ya juu na 5 ni kufeli, Ufaransa ni juu ya 20. Jedwali la kubadilisha maksi liwe kiambatisho cha mkataba, lisiwe kitu mwalimu anakipiga kwa kichwa chake.

Hatua ya 4: Krediti, na hapa hesabu ziwe wazi

Utaratibu unataka krediti za ECTS, yaani mfumo wa Ulaya wa kuhesabu kazi ya mwanafunzi. Bachelor kawaida 180 hadi 240, masters 90 hadi 120 na isipungue 60 za ngazi ya masters yenyewe, PhD hazijapangiwa idadi. ECTS 60 ni mwaka mzima wa masomo, yaani saa 1,500 hadi 1,800 za kazi ya mwanafunzi, maana krediti moja ni saa 25 hadi 30. Ila kila nchi imechagua yake humo katikati, Austria ni 25, Uholanzi ni 28, Ujerumani inafika 30. Kwahiyo moduli ya krediti 6 ni saa 150 kwa mmoja, 168 kwa mwingine na 180 kwa wa tatu, na mwanafunzi anaezunguka anaisikia tofauti hiyo mwilini. Kubalianeni saa mtakazotumia na mueleze kwanini.

Kwa wenzangu wa Tanzania angalieni sana hapa. Krediti ya TCU ni saa 10 na mwaka ni krediti 120, yaani saa 1,200. Ukibadilisha kwa miaka, ECTS 60 zinakuwa krediti 120, unazidisha mara mbili tu. Ukibadilisha kwa saa, ECTS 60 hizohizo zinakuwa krediti 150 hadi 180. Majibu mawili tofauti na yote yana hoja. Nimeona kundi moja profesa mmoja ametumia njia hii na mwenzake ile, jedwali la mtaala likawa halijumliki na mamlaka ikalirudisha. Chagueni njia moja, iandikeni kwenye mkataba, na kwenye maombi onyesheni saa pamoja na krediti ili anaesoma aweze kuhesabu mwenyewe.

Hatua ya 5: Chagueni wakala kwa pamoja

Wakala lazima awe kwenye rejista ya EQAR. Sio lazima atoke nchi ya yeyote kati yenu. Wapo NVAO ya Uholanzi na Flanders, AQAS ya Ujerumani, AQU Catalunya na wengine. Ombeni bei kwa watatu angalau, ulizeni wameshafanya programu za pamoja ngapi, ulizeni wanapataje wataalamu wanaozijua nchi zenu, na ulizeni ratiba. Wakala wa bei nafuu ambae hajawahi kuona programu ya pamoja mtakuja kumfundisha nyie. Gharama zigawanywe kwa vyuo na iandikwe, msimwachie mratibu mzigo wote.

Hatua ya 6: Ripoti ya kujitathmini

Ni ripoti moja ya vyuo vyote, inatumwa kwa pamoja. Vigezo vya kujibu ni tisa: uhalali wa programu na mkataba, matokeo ya kujifunza (yaani mhitimu ataweza kufanya nini), mtaala, udahili na utambuzi, ufundishaji na upimaji, huduma kwa wanafunzi, rasilimali, uwazi wa taarifa, na uhakiki wa ubora. Sitavipitia vyote maana vingi vinafanana na mlivyozoea kwenye ukaguzi wa kawaida.

Kinachotofautisha ni neno "pamoja". Usigawe ripoti vipande vinne kila chuo kiandike chake alafu uviunganishe, jopo linaona mshono ukurasa wa kwanza. Awepo mwandishi mmoja anaeuliza wote na kuandika kwa sauti moja. Onyesha kwamba mtaala umebuniwa pamoja, mnakaa mitingi za pamoja, mnapitia maoni ya wanafunzi pamoja. Weka pia maelezo mafupi ya mfumo wa elimu ya juu wa kila nchi na digrii yenu inakaa wapi kwenye mfumo huo, maana mtaalamu wa Finland hana namna ya kujua mfumo wa Ureno, na hili linatakiwa na utaratibu wenyewe.

Chora jedwali moja kubwa, upande mmoja matokeo ya kujifunza, upande mwingine moduli na chuo kinachoifundisha. Sisi tulipolichora tukakuta tumeahidi wahitimu watakuwa na uwezo fulani ambao hamna moduli hata moja inayoupima, na stadi nyingine inafundishwa mara tatu kwenye nchi tatu. Wiki mbili tukabadilisha mtaala. Bora tuliliona sisi.

Kama fani yenu ni taaluma inayodhibitiwa, uuguzi, udaktari, usanifu majengo, kuna masharti ya kiwango cha chini cha mafunzo ya Umoja wa Ulaya kwenye agizo la 2005/36/EC, ongeeni na bodi ya taaluma mapema.

Hatua ya 7: Jopo na ziara

Jopo lina watu wanne au zaidi, angalau mmoja ni mwanafunzi, wanatoka angalau nchi mbili za kundi lenu, na kati yao kuna ujuzi wa fani, wa soko la ajira na wa ubora. Mnaruhusiwa kumpinga mjumbe kwa sababu za msingi ila hamna kura ya turufu.

Ziara kwa kawaida ni sehemu moja tu, lakini wawakilishi wa vyuo vyote lazima wawepo na jopo linaangalia mazingira ya kila chuo. Wanaongea na uongozi, walimu, wanafunzi, wahitimu na waajiri. Wanafunzi wenu wako nchi tofauti wakati huo, kwahiyo kata tiketi mapema au andaa onlaini inayosikika vizuri. Nakuomba usiwafundishe wanafunzi cha kusema. Waambie waseme ukweli, jopo likisikia malalamiko ya nyumba au viza na nyie mmeshayaandika kwenye ripoti pamoja na mnachokifanya, mnaaminika zaidi.

Hatua ya 8: Uamuzi na baada yake

Mtapewa rasimu ya ripoti mrekebishe makosa ya ukweli, majina, namba, tarehe, sio kubishana na maoni yao. Uamuzi unaweza kuja na masharti, na mna haki ya rufaa. Ripoti inachapishwa hadharani, na kama haiko kwa Kiingereza lazima muhtasari na uamuzi viwe kwa Kiingereza. Itafuteni kwenye DEQAR, hifadhidata ya ripoti hizo, mhakikishe vyuo vyote vya kundi vimetajwa kwenye rekodi yenu. Kikikosekana kimoja wapigie wakala simu siku hiyohiyo.

Ithibati inadumu miaka 6. Katikati hapo chuo kikiingia au kikitoka lazima wakala apewe taarifa. Na kila mhitimu apewe kiambatisho cha diploma kinachoeleza amesoma muhula gani chuo gani, nani ameithibitisha programu na lini. Kwa wanaorudi Afrika Mashariki sisi tunawafungia bahasha moja: cheti, transkripti, kiambatisho, nakala ya uamuzi wa ithibati na barua ya ofisi ya uratibu yenye maelezo ya kila chuo kilichoshiriki, wanapewa kabla hawajapanda ndege.