Mtoto anayekaa chini ya mwembe kipindi cha michezo

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kila mtoto acheze kipindi cha michezo, anza kwa kuacha kukimbiza watoto kama adhabu. Nilifanya hivyo miaka mingi: aliyechelewa namba azunguke uwanja mara tano, aliyesahau daftari aruke kichura. Kisha mchana napuliza filimbi nikitaka watoto walewale wafurahie mbio! Sasa aliyechelewa anabaki na mimi tuzungumze, basi.

Manahodha wawili wasichague timu mbele ya darasa. Nina watoto 64, na yule anayebaki wa mwisho huwa ni yuleyule kila wiki. Weka vizibo vya soda vya rangi mbili kwenye mfuko, kila mmoja achovye mkono atoe chake. Timu imepatikana na hakuna aliyekataliwa.

Mtoto akikaa kando, usimwite mvivu kabla hujamuuliza, tena faraghani. Wasichana wangu wawili walikaa chini ya mwembe karibu muhula mzima. Nilipomwomba matroni azungumze nao, kumbe hawana taiti za kuvaa ndani ya sketi, wanaogopa kuruka wakachekwa. Siku za hedhi ndiyo kabisa. Muhula mzima nilikuwa nawasema bure, na bado inaniuma. Tafuta taiti chache, ziwekwe kwa matroni, na msichana asilazimike kujieleza mbele ya wavulana.

Halafu daftari. Kila mtoto ana ukurasa wake: anaruka mbali, tunapima kwa tepu ya fundi, anaandika mwenyewe. Baada ya wiki tatu anaruka tena na kujilinganisha na namba yake ya zamani, si ya mwenzake. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema ari ya kweli hukua mtu anapojiamulia, anapoona anaweza, na anapojiona ni mmoja wa wenzake. Ndiyo maana dakika kumi za mwisho nawaachia: rede, kamba, danadana, chochote wanachotaka.

Wakati wa kuteua timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, zungumza na walioachwa mmojammoja kabla hujabandika majina. Mwambie anachokiweza na cha kufanyia mazoezi. Mimi huwasimulia habari za Alphonce Simbu, mkimbiaji wa Tanzania: shaba ya marathoni ya dunia London 2017, dhahabu Tokyo 2025. Wanahesabu kwa vidole, wanakuta ni miaka minane.

Na anayekataa kabisa, mpe saa awapimie wenzake muda. Mvulana mmoja, mnene, aliyezomewa shule aliyotoka, aliishika wiki mbili bila kusema neno. Ya tatu alimkabidhi mwenzake saa, akavua viatu, akaenda kusimama kwenye mstari.